Daktari Aliyegeuza Mgongo

Nyumba yangu ina mlango, lakini tangu niolewe sijauona ukifungwa mchana. Kwangu ndiko wanawake wa upande wetu wa visiwa vya Vava'u wanakokusanyika kubandika vitambaa vya magome, yale mashuka marefu kama ukumbi, ya harusi na ya misiba, na mwanamke akishatia mkono kwenye uji wa wanga, ulimi nao unalainika. Nani kapata mchumba, nani kagombana na wifi yake, nani kaonekana bandarini na mtu asiye wake: yote yanapita kwangu kwanza, ndipo yaende kwa wenyewe. Kwa hiyo mambo ya Toakase niliyajua mapema.

Toakase ni rafiki yangu tangu tuko na meno ya utoto, na ni bonge la mwanamke. Akikaa upande huu wa benchi kanisani, sisi wa upande ule tunainuka kidogo, tunasogea karibu na mbinguni. Mama yake alikuwa hivyo, bibi yake pia, na enzi zao walisifiwa kwa hilo, maana nyumba ya watu wanene ilijulikana kuwa nyumba ya chakula. Siku hizi mambo yamechanganyika. Mtu yuleyule anayekupakulia sahani ya tatu ndiye anayekunong'oneza ukiondoka kwamba umezidi.

Lakini alichojulikana nacho Toakase kisiwa kizima kilikuwa sauti. Aliongoza sauti ya pili katika kwaya yetu. Wale wa sauti ya kwanza walikuwa kama watoto wanaorukaruka ufukweni. Yeye ndiye alikuwa maji yenyewe. Mumewe, ambaye yuko Nyuzilandi akichuma matufaha, alimwoa kwa ajili ya wimbo mmoja tu aliousikia kwenye mazishi. Mpaka leo anasema hakumbuki marehemu alikuwa nani.

Basi sauti hiyo ikaanza kukwaruza.

Ilianza msimu wa kupanda viazi vikuu. Kwanza tulidhani mafua. Kisha akaanza kusinzia kwangu tukibandika, brashi mkononi, kidevu kifuani. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Na baridi! Watu tunajipepea kwa mifuniko ya masufuria, yeye kajifunga sweta.

"Toakase," wakamtania, "umehamia Nyuzilandi kumfuata mume bila kutuaga?"

"Niacheni. Nasikia baridi."

"Na hilo blanketi lote ulilopewa na Mungu?"

Wanawake wakacheka, naye akacheka, kwa sauti ile ya mkwaruzo kama mtu anayekuna nazi. Nikamtazama, nikaona kucheka kwenyewe kumemchosha.

Akaenda zahanati. Daktari wa wakati ule alikuwa binti kutoka mjini, mpole tu, na jina lake halina haja. Toakase alimwambia, nimekuja kwa sababu ya koo. Daktari akamwambia, panda kwenye mzani. Mshale ukaenda mpaka mwisho ukagota. Basi ikaletwa mizani miwili, mguu huu huku, mguu ule kule, hapohapo barazani, na daktari akajumlisha kwa sauti kama anayeuza samaki.

Na kwenye benchi alikuwepo mzee Feleti.

Feleti ni mtoto wa mama mdogo wa Toakase, na kwetu huyo si binamu, ni kaka. Kaka na dada wakishakua hawalali nyumba moja, hawakai pamoja kutazama picha ya watu wanaobusiana, na mwili wa dada hautajwi mbele ya kaka yake, si uzuri wake, si ugonjwa wake, achilia mbali kilo zake. Dada ndiye mkubwa hata kama kazaliwa mwisho. Kaka anamwinamia, anampa kiazi cha kwanza cha shamba lake, na likitamkwa neno la aibu mbele yake, kaka anaondoka. Basi Feleti alisikia kilo, akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake bila dawa ya mgongo aliyoifuata. Toakase akabaki amesimama juu ya ile mizani miwili, anatazama mgongo wa kaka yake ukipotea barabarani.

Akapewa karatasi yenye picha za vyakula: mtindi, matufaha, mkate wa rangi ya udongo. Akaambiwa apunguze mwili kwanza, sauti itarudi yenyewe. Hakuna aliyemtazama kooni.

Alijaribu, nisimdhulumu. Nilikuwa namwona. Mwezi mzima alikula kabichi na samaki wa kuchemsha, hata Jumapili, tukifukua tanuri la mawe na majani ya magimbi yamelowa tui na nyama ya kopo, yeye alikaa upande wa upepo ili asisikie harufu. Alinipa mimi fungu lake, nami sikumkatisha tamaa, nililila. Aliporudi zahanati, mizani miwili ikasema ameongezeka.

"Hunidanganyi mimi," daktari akamwambia. "Unajidanganya mwenyewe."

Toakase alikuja kwangu moja kwa moja kutoka huko. Akakaa kwenye viti vyake, maana kwangu tunampachikia viti viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, ndivyo vinavyomhimili.

"Fusi, wewe uliniona nikila?"

"Nilikuona usipokula."

"Basi wewe ni shahidi wangu siku ya kiyama. Zahanati siendi tena. Nikifa, mniimbie, ila Vika asiongoze sauti ya pili."

Vika ni binti wa Paea, na Paea ndiye mwalimu wa kwaya. Mwaka ule mkutano mkuu wa kanisa ulikuwa unakuja kwetu, mwezi wa Juni, watu kutoka visiwa vyote, na Paea alikuwa ametunga wimbo wenye mahali ambapo kwaya nzima inanyamaza, sauti ya pili inabaki peke yake kama mtu aliyeachwa ufukweni. Mahali pale alipatunga kwa ajili ya Toakase. Lakini Januari tulipoujaribu, Toakase alifika pale akafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango wa kutu.

Paea si mtu mbaya. Alisubiri watu watoke, akamwambia pale pale mlangoni, nami nikiwa nafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

"Dada yangu katika Bwana, nitakungoja mpaka Mei. Mei ikifika na sauti haijarudi, Vika atasimama pale."

"Vika anaimba vizuri," alisema Toakase.

"Anaimba kama baba yake," Paea akasema kwa huzuni, maana Paea mwenyewe anajijua.

Njiani, tulipofika kwenye kona ya duka, Toakase akaniambia, "Mimi mwili nimezoea kusemwa, Fusi. Lakini nikiingia mahali nimenyamaza, watu wanaona mwili tu. Nikiimba ndipo wananiona mimi."

Maneno hayo sikumpelekea mtu, na hiyo kwangu ni nadra.

Tangu Krismasi yule binti daktari alikuwa amehamishwa, na Februari akaja daktari mpya. Na nani? Siosaia! Mtoto wetu, aliyekwenda kusoma Fiji na kaptura akarudi na miwani. Kijiji kikachinja nguruwe. Wazee walikunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, mpaka wakasahau walikuwa wanamkaribisha nani. Na Toakase akakalishwa mbele kabisa, akatandikiwa mikeka mizuri, akapewa mgongo wa nguruwe, kwa sababu Siosaia ni mtoto wa mama yake mdogo mwingine, mdogo wa mwisho. Ni kaka yake. Walikulia ua mmoja, yeye nyumba kubwa na wasichana, Siosaia kibanda cha wavulana nyuma ya ukuta.

Nilimpelekea kinywaji pale mbele, akaniinamia sikioni.

"Umeona bahati yangu? Kijiji kizima kimepata daktari, isipokuwa mimi."

Nikacheka mpaka nikamwagia mchungaji soda.

Lakini jambo liliniuma. Machi ikaingia, Toakase akawa anapanda ngazi mbili za kanisa kama anapanda mlima. Ndipo nikapata habari dukani kwamba Jumatano Siosaia atakwenda visiwa vya nje kwa boti, na badala yake atakuja daktari mwanamke kutoka mji wa Neiafu, mama mtu mzima, mwenye mikono ya taratibu. Habari ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilikuwa ya Jumatano ya wiki iliyofuata. Hilo nililijua baadaye.

Kumtoa Toakase nyumbani ilikuwa kazi. Nilimbembeleza, nikamtisha, mwisho nikamwambia nimemsikia Vika akifanya mazoezi bafuni na tayari ameshaanza kuringa. Hapo akatafuta viatu.

Tukafika. Karani alikuwa mgeni kutoka kisiwa kingine, hajui nani ni nani. Akaandika jina la ukoo wa mume, Vainikolo, akatuingiza chumba cha daktari tungoje. Akosita, nesi wetu, alikuwa shuleni anachanja watoto. Tukakaa. Toakase amejifunga sweta, na juu yake mkeka wa kiunoni, ule tunaouvaa kwa heshima, amejiandaa kama anayekwenda mahakamani.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. "Bi Vainikolo, habari za as..."

Siosaia.

Sijawahi kuona watu wawili wanageuka haraka vile. Toakase akatazama ukuta. Siosaia akarudi kinyumenyume kama aliyekanyaga kaa la moto, akagonga kabati, chupa zikalia, mlango ukajifunga. Kisha tukasikia ng'ambo ya ukuta wa mbao anakohoa kwa heshima.

"Twende," akasema Toakase, anainuka.

"Kaa."

"Fusi, we mwanamke una wazimu? Ni kaka yangu!"

"Ni daktari."

"Ni kaka yangu kwanza! Nitamwambia nini? Nitamwonyesha nini? Bora nife, na wewe ndiye utakayeosha maiti, utanionaje usoni?"

"Toakase," nikamwambia, "ukitoka humu, Mei ni Vika."

Akakaa.

Nikaenda kwenye ule ukuta wa mbao, mwembamba wa kupitisha hata pumzi, nikagonga.

"Siosaia, mwanangu, yupo mtu huku anaumwa."

"Namjua aliyepo, mama Fusi," akajibu. "Akosita atarudi mchana. Mtu huyo angoje, au arudi Jumatano ijayo, daktari wa Neiafu atakuwepo."

"Mtu huyo akitoka hapa harudi tena. Mimi namjua."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa, anasimama. Masomo yote yale ya Fiji na hakuna aliyemfundisha hili.

"Basi," akasema, "mimi nitakaa huku. Nitakuuliza wewe, wewe umuulize mtu huyo, kisha uniambie. Mimi na mtu huyo hatujazungumza."

"Hamjazungumza," nikasema. "Mimi ndiye ninayezungumza." Na moyoni nikafurahi, kwa kweli. Mtu anazaliwa na kipaji chake.

Tukaanza. Walikuwa wanasikiana kila neno, lakini hakuna aliyesikia kitu.

"Mama Fusi, muulize mtu huyo ana shida gani."

"Toakase, una shida gani?"

Toakase, uso ukutani, ananong'ona sikioni mwangu: "Koo."

"Anasema koo!"

"Tangu lini?"

"Tangu lini? Tangu msimu wa viazi!" Hilo nilijibu mwenyewe, lilikuwa halina haja ya kumsumbua.

Swali la tatu au la nne, sikumbuki, Siosaia akakwama. Nikamsikia anafungua mlango wa nyuma, anatoka. Akaja akasimama uani chini ya dirisha, ametupa mgongo, anatazama kuku, akaniita kwa kidole. Nikatoa kichwa nje. Akanong'ona kitu kuhusu choo. Masikini, shingo ilikuwa nyekundu. Nikarudi, nikamnong'oneza Toakase. Toakase akafunika uso kwa mikono miwili, akaonyesha vidole: siku kadhaa. Nikaenda dirishani, nikamwonyesha Siosaia vidole vilevile. Akatikisa kichwa, kuku nao wanamtazama. Kisha akarudi ndani kwake, nikarudi ukutani. Kama kuna mtu aliyepungua mwili siku ile, ni mimi.

"Muulize kama anasikia baridi kuliko watu wengine."

Hapo Toakase akachoka na kunong'ona. Alikuwa ameulizwa jambo hilo kwa mara ya kwanza na mtu asiyemcheka, akasahau ukuta, akasahau adabu, akasema kwa sauti yake yote iliyobaki:

"Mwambie nasikia baridi mpaka kwenye mifupa! Mwambie nalala na sweta! Mwambie nimekula kabichi mwezi mzima na Mungu wangu ananiona!"

Nikadhani tumemtia aibu, ameondoka.

"Mama Fusi," akasema polepole. "Nani huyo aliyesema?"

"Nani? Ndiye mtu huyo."

"Hapana. Huyo ni mtu mwingine. Umekuja na nani tena humo?"

"Siosaia, tupo wawili, mimi na mtu huyo, na mimi sauti yangu unaijua."

"Na yake naijua," akasema. Na sasa hakuwa daktari, alikuwa yule mtoto wa kaptura. "Nimeamshwa na sauti yake kila alfajiri kwenye sala, nikiwa kibandani nyuma ya ukuta, miaka yote ya utoto wangu. Huko Fiji nilipokuwa nimekwama na masomo ndiyo niliyokuwa naikumbuka. Hiyo niliyoisikia sasa si yake. Kuna kitu kimeikalia."

Nikamtazama Toakase. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Toka hapo maswali yakaja ya haraka. Nywele zinatoka? Ngozi imekauka? Uso unavimba asubuhi? Anasahau vitu? Kila swali ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha akaniambia niweke vidole shingoni mwa mtu huyo, chini ya koromeo, taratibu, na mtu huyo anywe funda la maji. Nikaweka. Toakase akameza. Chini ya vidole vyangu kitu laini kikapanda, kikashuka, kama tonge la muhogo.

"Kuna tonge!" nikapiga kelele. "Siosaia, kuna tonge humu!"

"Si lazima karani asikie, mama Fusi."

Alikuwa ameshasikia. Alikuwa mlangoni na kalamu yake.

Si rovu lile la kuning'inia, Siosaia akasema, ni tezi ya shingoni tu, huenda imechoka kazi, na ikichoka mtu anapoa kama jiko lililoishiwa kuni: anasinzia, anavimba, anaongezeka hata asipokula, na sauti inakwaruza. Damu ndiyo itakayosema. Akosita akaichukua mchana uleule, ikapanda ndege kwenda hospitali kubwa.

Tukarudi kwa miguu, polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Tulipofika kwenye duka, Toakase akanigeukia.

"Umeona, Fusi? Hakutaja."

"Hakutaja nini?"

"Huu mzigo wangu. Mwanzo mpaka mwisho, hakuutaja."

"Angeutajaje? Ni kaka yako!"

Akasimama katikati ya barabara. "Laiti madaktari wote wangekuwa kaka zangu," akasema, na akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kuna nini, nikamwambia yote, maana ningemnyimaje.

Damu ikajibu: tezi imelala usingizi. Dawa yenyewe ni kidonge kidogo, ungekiangusha kwenye mkeka usingekiona. Kila asubuhi na maji matupu, kabla ya chai, kabla ya mkate, kabla ya kitu chochote, na kungoja kwanza ndipo ule. Kungoja huko ndiko kulikomshinda Toakase kuliko ugonjwa. Alikuwa anakuja kwangu alfajiri ili nimpigie soga asikumbuke chai. Siosaia hakumwona. Alipeleka maneno kwa Akosita, na pale maneno yalipokuwa ya adabu tu, kwangu.

Kuna kitu kingine kilibadilika zahanati. Siosaia aliagiza mzani mmoja mpana, wenye nguvu, akauweka nyuma ya pazia. Akaagiza mkanda mkubwa wa kupimia presha, maana ule wa zamani ukimfunga mtu kama Toakase ulikuwa unafyatuka na kumruka nesi usoni. Na benchi moja la mbao ngumu likaja badala ya vile viti vyenye mikono vya chumba cha daktari. Alisema ni vya kijiji, hakusema ni vya nani. Kila mtu akajua, na hakuna aliyesema, hata mimi nilijizuia karibu siku nzima.

"Nikupime leo, dada, au siku nyingine?" Akosita alimuuliza mara ya kwanza nyuma ya lile pazia.

"Nipime. Lakini ukiitamka hiyo namba nitakukalia."

Akosita akapima, akaandika, akanyamaza, akamuuliza habari za miguu yake. Mambo ya sukari waliyazungumza, na ya chumvi, na ya kutembea, kwa utaratibu, kama wanawake wawili wanaopanga shughuli. Jioni tukaanza kutembea mpaka bandarini, mimi na yeye. Yeye anasema ni kwa ajili ya magoti. Mimi ni kwa ajili ya kuona nani kashuka kwenye meli.

Mwezi wa Aprili sweta likabaki nyumbani. Watu wakaliulizia kama jamaa aliyesafiri. Mwishoni mwa mwezi tukiwa tunabandika, akaanza kuimba wimbo puani bila kujua, mdomo umefumbwa, na brashi zetu zikasimama moja moja. Alipoinua macho akakuta tumenyamaza wote.

"Mna nini?"

"Hatuna kitu," nikasema. "Endelea kubandika."

Mei, siku ya mazoezi, Paea alikuwa ameshamsimamisha Vika pale mbele. Toakase akaingia kwa kuchelewa, akakaa kwenye benchi letu, sisi tukapanda juu kidogo kama kawaida. Wimbo ukaanza. Ulipofika mahali pale, kwaya ikanyamaza, Vika akavuta pumzi, na hapohapo akageuka akamtazama Toakase, akafumba mdomo. Mtoto ana adabu, baba yake sijui kampatia wapi. Toakase akaimba akiwa amekaa. Haikuwa imerudi yote, kulikuwa na mchanga kidogo chini yake. Lakini ilikuwa yeye. Paea alipiga mkono wake hewani mara mbili zaidi baada ya wimbo kwisha, amesahau kushusha.

Siku ya mkutano mkuu mchanga wenyewe ulikuwa umeondoka. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Toakase alisimama na gauni jeupe alilolishona upya, si kwa sababu limekuwa kubwa, kidogo tu limekuwa kubwa, bali kwa sababu alitaka kola. Ni bonge la mwanamke bado, na kola ilimpendeza. Kwaya iliponyamaza, akabaki peke yake pale mahali pake. Sitaeleza. Waliokuwepo walikuwepo. Mume wake alikuwa ameomba ruhusa kazini akaja, na alilia kama kwenye yale mazishi.

Baada ya hapo, chakula. Meza zilitoka mlango wa kanisa mpaka karibu na barabara: nguruwe, kamba, magimbi, viazi vikuu, majani yenye tui, na matikiti kwa ajili ya wenye kujali. Na mbele ya Toakase kiazi kikuu kirefu kama mtoto wa kwanza wa mtu, cha kwanza kabisa kutoka shamba la baba yake Siosaia, alichokichimba mwenyewe daktari na miwani yake. Mimi nilikuwa pembeni yake, mahali pazuri pa kuona.

Siosaia akapita nyuma yetu amebeba sinia, macho mbele, hatua za mtu anayevuka uwanja wa wafalme. Akafika nyuma yangu akasimama.

"Mama Fusi," akasema, akitazama bahari, "muulize mtu huyo kama bado anasikia baridi."

Toakase alikuwa anajipepea kwa nguvu kwa upepeo wa ukili, jasho linamtiririka kwenye kola mpya, midomo inang'aa mafuta.

"Mwambie," akasema kwa sauti iliyofika mpaka meza ya wachungaji, "nasikia joto la kufa!"

Meza nzima ilisikia. Siosaia alisikia, sinia likatikisika mkononi, akaanza kuondoka huku mgongo wake unacheka. Lakini kazi ni kazi. Nikaweka chini mguu wangu wa nguruwe, nikafuta mikono, nikamkimbilia mpaka penye tanuri, nikamshika kiwiko.

"Siosaia, mwanangu. Mtu huyo anasema anasikia joto."